Saa ya Ukutani ya Mama Nuru

Nuru alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa nachambua mchele kwenye ungo, akaniambia mama yake amefariki. Alisema tu, "Mama Mkubwa, mama ametutoka," kisha akanisubiri. Nilitakiwa kusema maneno yanayosemwa, na niliyasema, innalillahi na yote, lakini kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni. Nilijiuliza ni nani atachukua vile vikombe vyake vya maua ya buluu. Ndivyo nilivyo. Nimezeeka, magoti yananiuma nikisujudu, mwenzangu amekufa, na mimi nawaza vikombe. Basi kwa kuwa nimeanza kusema ukweli, acha niuseme wote, hata ule wa mwaka wa mashindano, maana mwaka ule ndio ulionionyesha mimi ni mtu wa namna gani. Wengine hukomaa wakiwa vijana. Mimi nilikomaa nikiwa na mvi tayari, na niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia nikizunguka.

Mama Nuru alikuwa mke mwenzangu. Mume wetu, Swaibu, alikuwa na lori. Alibeba simenti kutoka Hima kuipeleka mpakani, akarudi na mawese na mbao za Kongo. Mimi nilikaa Kasese mjini, yeye alikaa Bwera, pale mpakani, na Swaibu alikuwa katikati. Shehe alitupangia zamu: siku tatu kwake, siku tatu kwangu, siku ya saba ni ya lori. Na ili pasiwe na ubishi, shehe akasema zamu inabadilika saa kumi jioni. Saa kumi ikifika, Swaibu anawasha gari na kuondoka, awe amekunywa chai au hajanywa. Huo ulikuwa mpango mzuri sana kwenye midomo ya watu. Tatizo lilikuwa ukutani kwa Mama Nuru.

Alikuwa na saa kubwa ya duara, ya plastiki nyekundu, imetundikwa dukani kwake juu ya vitenge. Wateja wake walikuwa wanawake wa ng'ambo, wanavuka mto asubuhi na kurudi kabla mpaka haujafungwa, na ng'ambo ile, kama mnavyojua, saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Huku Uganda ikiwa saa nne, kule ni saa tatu. Kwa hiyo saa ya dukani ilifuata Kongo, ili wateja wakitupa jicho wajue kama muda wao umeisha. Hii ndiyo sababu aliyoitoa yeye. Mimi niliona sababu nyingine. Swaibu akiwa kule aliangalia saa ile ile, kwa sababu dukani ndiko alikokaa akila. Saa ya ukutani ikisema saa kumi, kwetu ni saa kumi na moja. Kila zamu, saa moja yangu ilibaki Bwera. Nilikaa mlangoni hapa Kasese nimepaka mafuta, nimefunika samaki kwa sahani, ninahesabu. Siku moja nilimwambia Swaibu. Akacheka, akasema, "Mama Rehema, saa moja tu unaililia? Barabara yenyewe inaila." Sikuililia saa. Nililia kwamba kuna mwanamke anaweza kumshika mume wangu kwa kuacha tu mshale wa saa mahali pake, bila hata kuinuka kwenye kiti.

Na alikuwa anajua kupika, hilo nalo niliseme. Nilikwenda kwake mara moja Sikukuu ya Idi. Sombe yake, yale majani ya muhogo, ilikuwa laini, imekaangwa na mawese mekundu, na makayabo, wale samaki wa chumvi, aliwaloweka mpaka chumvi ikabaki kidogo tu ya kukukumbusha. Nilikula sahani mbili huku nikitafuta kosa. Sikulipata. Nikasema chai ina sukari nyingi. Akanijibu kwa upole, "Pole, Dada, nitakupikia ingine." Akanimiminia nyingine kwenye kikombe cha maua ya buluu. Aliniita Dada siku zote, na kila aliponiita nilihisi ananiambia umri wangu.

Sasa watoto. Mimi nilikuwa na Rehema, yeye alikuwa na Nuru. Walipishana miezi mitano, wote walikuwa kidato cha tatu mwaka huo, mmoja shule ya Kasese na mmoja shule ya Bwera, na wote wawili walikuwa na vichwa vya hesabu na sayansi ambavyo sijui vilitoka wapi, maana Swaibu mwenyewe alihesabu mifuko ya simenti kwa kuiwekea vijiti. Watoto hao walipendana. Hilo lilinichoma zaidi. Likizo Rehema alitaka kwenda Bwera, wanalala kitanda kimoja, wanafundishana mambo ya asidi na sumaku. Akirudi ananiambia Mama Mdogo amesema hivi, Mama Mdogo amefanya vile. Nilimwambia, hapa nyumbani mama ni mmoja. Aliniangalia kama mtu anayeangalia hesabu iliyokosewa.

Yakatangazwa mashindano ya sayansi ya shule za sekondari za wilaya nzima. Mtihani mmoja wa kuandika, saa mbili, Jumamosi. Shule za mjini na za upande wa Rukoki zingefanyia Kasese. Shule za mpakani zingefanyia Bwera, kwa sababu ni mbali. Mtoto mmoja tu, wa kwanza, angechaguliwa kwenda kusoma bweni katika shule kubwa ya sayansi kule Kampala, mpaka amalize. Mmoja tu. Niliposikia hivyo nilijua, kama mnavyojua mvua kabla haijanyesha, kwamba itakuwa kati ya hao wawili, na kwamba Mungu ameamua kunijaribu.

Jumamosi hiyo nilihamishia jiko langu la chapati karibu na geti la shule. Biashara ilikuwa kisingizio. Watoto waliingia, simu zote zikakusanywa kwenye beseni la plastiki, kengele ikagongwa saa tatu kamili. Nilikanda unga mpaka mikono ikafa ganzi. Saa nne na dakika hamsini Rehema akatoka, wa kwanza kabisa, dakika kumi kabla ya muda kuisha. Akaja akakaa kwenye kibao changu, akachukua chapati, akala, anatabasamu peke yake. Mimi sikuweza kungoja. Nilitaka kujua kama yule wa Bwera naye amemaliza. Nikachukua simu, nikampigia Mama Nuru, nikajifanya namsalimia. Nikamuuliza, Nuru ametoka? Akasema, "Bado, Dada. Batoto beko ndani. Huku iko saa tatu na dakika makumi tano, hata nusu hawajafika." Nikamuuliza imekuwaje. Akaniambia saa ya ukumbi ilikufa betri, mwalimu akaja dukani kuazima ile nyekundu, na gari la mitihani lenyewe lilichelewa njiani, likafika wanaangalia ukutani bado haijafika saa tatu, kila mtu akashukuru. Walimu wa pale wala simu zao hawaziamini. Karibu na mto simu inashika mnara wa ng'ambo, inajibadilisha saa yenyewe. Basi wakafuata ukuta. Alikuwa anacheka akinieleza. Tulisema hayo tu, tukaagana. Rehema alikuwa pembeni yangu, mdomo umejaa chapati, hakuigusa simu. Hayo ndiyo maneno yote yaliyopita kati ya Kasese na Bwera asubuhi ile, na nayasema hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu siku yalipohitajika sikuyasema.

Majibu yalibandikwa baada ya wiki mbili. Kusoma namba najua. Rehema na Nuru walikuwa juu, alama sawa kabisa, hakuna hata nusu iliyowatenganisha. Pembeni ya kila jina waliandika saa aliyokabidhi karatasi. Rehema, saa nne na dakika hamsini. Nuru, saa nne na dakika arobaini na mbili. Na chini kulikuwa na kanuni, nikamwomba kijana mmoja anisomee mara tatu: wakilingana alama, mshindi ni aliyekabidhi karatasi mapema zaidi. Nuru wa kwanza. Kwa dakika nane. Nilisimama pale ubaoni, watu wananipongeza kwa kuwa mtoto wangu ni wa pili, na ile saa nyekundu ikanijia machoni, imetundikwa juu ya vitenge, inaniibia tena.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Baluku, mzee aliyestaafu ualimu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashindano. Nikamwambia saa ya Bwera ilikuwa ya Kongo. Kwa saa yetu, ya Uganda, Nuru alikabidhi saa tano na dakika arobaini na mbili. Mtoto wangu alikuwa ameshafika nyumbani, amebadilisha nguo. Nani alikabidhi mapema? Mzee wa watu alivua miwani akaifuta muda mrefu sana.

Kamati ilikaa Jumatatu, chumba cha walimu, kuna meza moja na chati ya meno ukutani. Tuliitwa mimi na Mama Nuru, na watoto. Swaibu alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama alivyoishi. Mama Nuru alikuja amevaa kitenge kipya cha kijani, ameibeba ile saa kwenye mfuko, kama shahidi. Akaiweka mezani. Ilikuwa bado inatembea, bado iko nyuma.

Mwalimu Baluku alieleza taratibu. Alisema kanuni inaweza kusomwa kwa njia mbili. Ukiisoma ilivyoandikwa, mapema ni mapema, tunafuata saa ya nchi, Rehema ameshinda kwa dakika hamsini na mbili. Lakini walioiandika walidhani wote wataanza pamoja, walichotaka ni yule aliyetumia muda mfupi. Bwera walianza kwa saa yao na kumaliza kwa saa yao. Nuru alitumia saa moja na dakika arobaini na mbili, Rehema saa moja na dakika hamsini. Kwa njia hiyo Nuru ameshinda kwa dakika nane. Yeye mwenyewe, alisema, moyo wake uko kwenye njia ya pili, maana mtoto hapimwi kwa betri ya ukumbi. Nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Nikaona Rehema naye anatikisa kichwa.

Hapo ndipo afande akainua mkono. Alikuwa ofisa wa kambi ya jeshi, fundi wa mitambo, mtu wa kaskazini, walimweka kwenye kamati kwa sababu alisoma sayansi. Hakuwa na maneno mengi.

"Bwera walianza saa moja nyuma," alisema. "Wa Kasese walishatoka. Maswali yangeweza kupita. Nani alipiga simu?"

Mimi ningekaa kimya, lakini Mama Nuru hakujua hata kwamba kuna kitu cha kuficha. Akasema, "Dada alinipigia."

Afande akanigeukia. "Mama, ulipiga?"

"Nilipiga, afande."

"Mliongea nini? Jibu."

Nataka mnielewe hapa. Jibu nilikuwa nalo. Maneno manne, matano: niliuliza kama ametoka, akasema bado. Kisha kicheko kuhusu betri. Ningesema hivyo, afande angeandika, mambo yangeisha, na Nuru angekwenda Kampala. Mama Nuru alikuwa ananiangalia, ametulia kabisa, anangoja niseme, kama mtu aliyekuazima kisu na anajua utakirudisha. Alikuwa amekaa vizuri kwenye kiti. Kitenge cha kijani, kipya. Swaibu alimnunulia lini? Mimi changu cha Idi kilikuwa bado hakijafika. Nikaangalia kitenge kile, nikasema:

"Tuliongea habari za watoto."

Haikuwa uongo. Ndiyo maana nimeshindwa kuitubia vizuri, kila nikijaribu kuikamata inateleza. Afande akaandika. Mwalimu Baluku akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Mama Nuru alifungua mdomo, akanitazama tena, na nikaona kitu kinaondoka usoni mwake taratibu, kama mtu anayezima taa chumba kimoja kimoja. Kisha akaufunga. Angeweza kujitetea. Lakini angelazimika kusema mke mkubwa anaficha, mbele ya mume, mbele ya watu wa serikali, na yeye hakulelewa hivyo.

Mwalimu Baluku alisema hatamwita mtoto wa watu mwizi bila ushahidi. Ila kwa kuwa shaka imeingia, hawezi tena kufuata moyo wa kanuni, atafuata maandishi. Mapema ni mapema. Saa ya nchi. Rehema. Nuru aliinuka, akaenda kumkumbatia dada yake, na alikuwa analia lakini mikono yake ilikuwa ya kweli. Rehema hakuinua mikono. Alikuwa ananitazama mimi juu ya bega la mwenzake. Nyumbani aliniambia jambo moja tu, anapanga nguo sandukuni: "Mama, nilikuwa pale. Nilikusikia unaongea." Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema, "Nilikungoja wewe." Akaenda Kampala. Siku hizi anafanya kazi maabara ya hospitali, Fort Portal, ananitumia sukari na dawa za magoti, na hajawahi kukaa kwangu zaidi ya siku mbili.

Nilidhani Mama Nuru atanirudishia. Nilijiandaa. Nilitunga majibu nikiwa nakanda unga, majibu makali, mengine yalikuwa mazuri sana, yamepotea bure. Hakusema chochote. Zamu yake ilipoisha wiki ile, nilikuwa bado sijaoga, jikoni moshi tupu, nikasikia gari. Nikaangalia simu yangu. Swaibu amefika mapema kwa saa moja. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Amegeuza saa yake. Sasa inafuata ya huku. Kasema Dada asicheleweshewe." Akavuta kiti, akakaa mlangoni pangu, akaangalia barabara aliyotokea.

Na ikawa hivyo kila zamu, mpaka Swaibu alipokufa. Saa moja niliyoipigania miaka yote, nikapewa yote, dakika sitini, haijapungua hata moja. Nilimpikia. Nilimhadithia ya sokoni. Alijibu ndiyo, ndiyo. Saa zilizofuata alikuwa mume wangu kama kawaida, lakini ile moja ya mwanzo ilikuwa ya Bwera bado, imeletwa tu kwangu ikae. Na hata kufa alifia kwa Mama Nuru, siku ya tatu ya zamu yake, zimebaki saa mbili zamu yangu ianze. Niliona wivu hata kwenye hilo. Nilimwosha miguu maiti nikiwaza kwamba maneno ya mwisho aliyasikia yeye.

Basi Jumatano hiyo Nuru aliponipigia, nikaenda Bwera. Tulizika jioni, nikakaa siku tatu za msiba. Nuru ni mwalimu wa sayansi sasa, shule ya pale pale, mashindano yakija yeye ndiye anayeshika muda. Aliniambia kwenye kila karatasi anaandika saa mbili: iliyofunguliwa na iliyokabidhiwa. Alinieleza hivyo huku ananimiminia chai, bila kunitupia jicho, na sikujua kama ananipiga au ananipa habari za kazi. Ilikuwa kwenye kikombe cha maua ya buluu.

Siku ya tatu, wageni wamepungua, tulikaa dukani wawili. Nilimwambia kijana mwenye gari, jirani yangu wa Kasese, aje kunichukua saa kumi. Saa nyekundu ilikuwa pale pale juu ya vitenge, imefifia, bado inafuata Uganda. Mwanamke mmoja wa ng'ambo akaja kutoa pole, akaangalia ukutani, akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikamuuliza Nuru, wateja wote wanafanya hivyo? Akasema ndiyo, miaka yote hii. Mama aliwaambia watoe moja. Wengine walikosea wakatoa mbili, wakakuta mpaka umefungwa, wakalala hapa chini, kwenye mikeka yake.

Nikanywa chai. Nikasema, "Nuru. Siku ile ya simu, nilimuuliza mama yako kama umetoka. Akasema bado. Basi."

"Najua, Mama Mkubwa. Aliniambia."

"Ulimshinda Rehema kwa dakika nane."

Alifuta kaunta, hapakuwa na vumbi. "Hilo nalo najua," akasema. "Lakini wewe ulikuwa hujalisema."

Nikamwomba stuli. Akakataa, akasema magoti yangu, nikapanda hivyo hivyo, ananishika kiuno kwa mikono miwili. Nikaitoa saa kwenye msumari, nikaigeuza, nikatafuta kile kigurudumu cha nyuma, nikairudisha nyuma saa moja. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Ikawa inakaribia saa tisa. Nikaitundika. Nikashuka, nikakaa kwenye kiti chake, kile alichokuwa akikaa, karibu na vikombe, na nilikuwa bado navitaka, sitawadanganya.

Gari likapiga honi nje. Nuru akachungulia, akasema kijana wangu amefika, saa kumi kamili.

"Mwambie angoje," nikasema. "Huku bado ni saa tisa."